Mwongozo kamili: kujenga mabwawa ya kutuliza tope kwenye machimbo madogo kando ya mto

Kila mvua zinapokatika naletewa picha zinazofanana. Shimo lililojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, ukingo umekatika upande mmoja, na kutoka hapo mfereji mwekundu unateremka hadi mtoni. Swali nalo ni lile lile: "Bwawa tumechimba, mbona mto bado tope tupu?"

Nikiwauliza walivyochimba, kasoro huwa tano. Bwawa limewekwa mahali mto unapofika ukifurika. Limechimbwa kwenda chini badala ya kupanuliwa. Maji yanaingilia na kutokea karibu karibu. Ukuta ni mchanga uliorundikwa bila kushindiliwa. Na tope halijazolewa tangu siku ya kwanza. Moja tu kati ya hizo inatosha kuharibu kazi ya wiki mbili.

Mwongozo huu ni wa mwalo mdogo wa kuoshea dhahabu: mota moja ya kusukuma maji, ubao mmoja au miwili ya kuoshea, watu 5 hadi 15. Mifano ni ya Chunya, mkoani Mbeya, eneo ninalolifahamu, lakini vipimo vinafaa kokote maji yanapotumika kuosha mchanga wa madini. Lengo ni moja: maji ya kuoshea yasirudi mtoni kabisa. Yatulie, kisha yarudi kwenye ubao.

Usidhani hii ni kazi ya kuwafurahisha maofisa tu. Maji mazito hubeba dhahabu laini ikapita juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye ubao na kuishia kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Ukiosha kwa maji yaliyotulia, dhahabu hiyo inabaki kwako.

## Vitu vya kuandaa

Usianze kuchimba kabla havijatimia. Wengi huishia njiani kwa sababu ya bomba la inchi 4 ambalo hawakulinunua.

- Futikamba ya mita 30 au zaidi, kamba, na vigingi visivyopungua 20
- Mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mita 10 hivi, wa kupimia usawa kwa maji
- Chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita 1 au lita 1 na nusu, angalau 6
- Pipa la lita 200 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde
- Sululu, majembe, machepe, toroli 2
- Gogo zito lenye mpini wa kushindilia udongo
- Mifuko ya salfeti 100 hivi
- Bomba la plastiki la inchi 4, mita 6, na tii 2 za inchi 4 (viungio vya bomba vyenye umbo la T)
- Mbao 2 zilizonyooka, ndefu kama upana wa bwawa
- Sahani nyeupe na kamba yenye fundo kila sentimita 10
- Vipando vya vetiva (nyasi za kushika udongo), au vipande vya mabingobingo
- Buti za mpira kwa kila anayeingia majini. Maji yaliyotuama ni makazi ya konokono wa kichocho, na anayechimba peku ndiye wa kwanza kuugua

Makaratasi nayo ni vifaa. Uwe na leseni ndogo ya uchimbaji (PML), mpango wa kulinda mazingira wa eneo lako, na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde. Kwa Chunya ni Bonde la Ziwa Rukwa. Ofisi ya Afisa Madini Mkazi itakuelekeza pa kuanzia.

## Hatua ya 1: Tafuta alama ya mafuriko, ndipo upime mita 60

Tembea ukingoni na mtu aliyekaa hapo miaka mingi. Akuonyeshe maji yalifika wapi mwaka ambao mto ulifurika kuliko miaka mingine. Kama huna mtu wa namna hiyo, tazama miti: majani makavu, vijiti na vipande vya nailoni vilivyonasa kwenye matawi ndiyo kumbukumbu ya mto. Piga kigingi hapo.

Sasa pima mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu ndani ya umbali huo shughuli za kudumu wala zile zinazoharibu ukingo, na mwalo ni mojawapo. Kama alama ya mafuriko iko mita 40, bwawa lako linaanzia mita 60. Kama iko mita 90, linaanzia baada ya 90. Chukua umbali ulio mkubwa kati ya hiyo miwili, bila kubishana na mto.

Hapa ndipo watu hunilalamikia zaidi, kwamba mita 60 ni kuvuta mpira mrefu na kuongeza mafuta ya mota. Ni kweli kwa siku ya kwanza. Lakini ukizungusha maji kama nitakavyoeleza, mota haisukumi tena kutoka mtoni siku nzima. Inajazia tu kilichopungua.

Tahadhari: usifyeke matete na miti iliyo kati ya mwalo na mto ili kupata nafasi ya kupitisha mpira. Mizizi hiyo ndiyo inayoshika ukingo. Mpira unapita katikati ya majani bila shida.

## Hatua ya 2: Uliza udongo kwa chupa

Jaza chupa theluthi moja kwa udongo unaouosha, si udongo wa pale utakapochimba bwawa. Ongeza maji hadi karibu na shingo, tikisa kwa nguvu kama dakika mbili, kisha isimamishe pasipotikisika.

Baada ya dakika moja hadi mbili, mchanga umelala chini. Weka alama ya kalamu. Baada ya saa mbili, tabaka la pili limelala juu yake: ni vumbi la mawe, laini ukilisaga kati ya vidole lakini halinati. Weka alama ya pili. Kinachobaki kikielea, kikiyapa maji ile rangi ya chai, ni mfinyanzi.

Nilipofanya hivi mara ya kwanza, chupa ilikaa kwenye jiwe tangu asubuhi hadi jua likatua, na nilipoiweka mbele ya macho bado sikuona vidole vyangu upande wa pili. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bwawa letu la wakati ule halikutusaidia.

Kwa nini kipimo hiki: punje ya mchanga yenye unene wa milimita 0.1 inazama mita 1 kwa dakika 2 hivi. Punje ya milimita 0.01 inahitaji saa 3. Punje ya mfinyanzi ya milimita 0.001 inahitaji karibu siku 13, tena maji yakiwa yametulia tuli. Ukipunguza ukubwa wa punje mara 10, muda unaongezeka mara 100.

Maana yake, bwawa linaweza kukamata mchanga na vumbi la mawe. Mfinyanzi wote haliwezi, hata ulichimbe kubwa namna gani. Ndiyo sababu maji lazima yazunguke badala ya kumwagwa.

Ukifanikiwa: unajua udongo wako umegawanyika vipi. Kama mfinyanzi unaobaki ukielea ni mwingi, jiandae na jozi mbili za mabwawa ya kupokezana. Kama ni kidogo, mpangilio wa hatua ya 4 unatosha.

## Hatua ya 3: Pima maji ya mota kwa pipa

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye mota. Hiyo ni ya mota mpya, ikisukuma bila mlima. Washa mota kama unavyoosha kila siku, elekeza mpira kwenye pipa la lita 200, hesabu sekunde hadi lijae. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Tuseme pipa linajaa kwa sekunde 40. Gawanya 200 kwa 40, unapata lita 5 kwa sekunde. Hizo ni lita 18,000 kwa saa. Ukiosha saa 8 ni lita 144,000 ulizotoa mtoni kwa siku moja, na bila bwawa zote zinarudi na tope lako.

## Hatua ya 4: Kokotoa upana, achana na kina

Hili ndilo jambo ambalo likieleweka mengine yanafuata, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Punje inatua chini ya bwawa ikiwa itazama kabla maji hayajafika mlango wa kutokea. Ukiongeza kina, maji yanakaa zaidi, ndiyo, lakini na punje nayo ina safari ndefu zaidi ya kwenda chini. Faida na hasara zinafutana. Ukiongeza upana na urefu, maji yanakwenda polepole na safari ya punje haijabadilika. Kwa hiyo uso wa bwawa ndio unaotuliza maji. Kina ni ghala la kuwekea tope tu.

Nimeona watu wakichimba shimo la mita 4 kwenda chini, mita 3 kwa 3 juu, wakaliita bwawa. Maji ya lita 5 kwa sekunde yanakatiza juu juu na kutoka yakiwa vile vile. Tena shimo kama hilo ni hatari: kingo zake wima huporomoka, na mtoto akitumbukia hana pa kushika.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kukamata punje za milimita 0.01, kila lita 1 kwa sekunde inahitaji uso wa mita za mraba 11. Hiyo ni kwa maji yanayokwenda sawasawa kama kwenye karatasi. Kwa kuwa upepo, pembe na mlango wa kuingilia huvuruga mwendo, mimi huchukua mita za mraba 30 kwa kila lita 1.

Kwa mfano wetu: 5 × 30 = mita za mraba 150. Gawanya hivi:

- Kisanduku cha mchanga: mita 3 kwa 4, kina mita 1. Hiki kinapokea maji moja kwa moja kutoka kwenye ubao. Mchanga wote unaishia hapa, na unazolewa kila siku.
- Bwawa la pili: mita 6 kwa 12, kina cha maji mita 1.
- Bwawa la tatu: mita 6 kwa 12, kina cha maji mita 1. Mota inanyonya kutoka hapa.

Jumla ni mita za mraba 156. Urefu wa hayo mabwawa mawili makubwa uwe mara mbili ya upana au zaidi. Bwawa la duara au la mraba huacha maji yakizunguka pembeni huku mkondo ukipita katikati.

Piga vigingi, funga kamba, tembea kuzunguka. Ukiona ni kubwa mno kwa eneo lako, usipunguze bwawa: punguza maji. Ubao mmoja badala ya miwili, au mota ndogo zaidi.

## Hatua ya 5: Chimba na ushindilie ukuta

Anza kwa kuondoa udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, sentimita 20 hadi 30. Uurundike pembeni peke yake, mahali pasipo na njia ya toroli. Utauhitaji siku ya kufukia. Anayeuchanganya na kifusi anatupa kitu ambacho ardhi imechukua miaka mingi kukitengeneza.

Bwawa zuri lipo zaidi chini ya ardhi kuliko juu yake. Chimba sehemu kubwa ya kina, na ukuta ulio juu ya ardhi usizidi sentimita 60 hadi 80 kama unaweza.

Chini ya mstari wa ukuta chimba mtaro wa sentimita 30 kwenda chini, mpaka ukute udongo mgumu. Ujaze mfinyanzi na kuushindilia. Mtaro huu ni kama kufuli: bila huo maji yatapenya kati ya ukuta na ardhi ya zamani, na hapo ndipo kuta nyingi hukatikia.

Jenga ukuta kwa matabaka ya sentimita 15. Kila tabaka nyunyizia maji kidogo, shindilia mpaka gogo liruke badala ya kuzama, ndipo uweke linalofuata. Udongo uwe na unyevu wa wastani. Ukiubana kiganjani unashikamana kama tonge la ugali; ukiona maji yanachuruzika kati ya vidole ni mbichi mno, ukimeguka ni mkavu mno.

Sehemu ya juu ya ukuta iwe na upana wa mita 1, mtu na toroli wapite. Upande wa nje uteremke taratibu: kwa kila mita 1 ya kimo, mita 2 kwenda nje. Ndani unaweza kuwa mkali kidogo, mita 1 na nusu kwa mita 1.

Kutoka usawa wa maji hadi juu ya ukuta bakiza sentimita 50 tupu. Wengine huona ni nafasi iliyopotea wakajaza hadi ukingoni. Mvua moja ya Januari ikidondoka usiku, maji yanapita juu ya ukuta, yanachimba mfereji wa kidole, na kufikia alfajiri mfereji ule ni wa kupita ng'ombe. Tulipoteza bwawa la kwanza hivyo hivyo. Tope la miezi mitatu liliingia mtoni kwa usiku mmoja, na asubuhi kina mama wa kijiji cha chini walikuta visima vyao vya mchangani vimefunikwa.

Udongo ukiwa wa kichanga: maji yatazama. Tandika mfinyanzi wa sentimita 15 hadi 20 sakafuni na kuutwanga. Kama kuna mfugaji jirani, omba apitishe ng'ombe wake humo ukiwa na unyevu, kwato zinafanya kazi kuliko gogo. Baada ya hapo weka uzio wa miiba, maana ng'ombe hao hao wakija kunywa watabomoa ukuta.

Panda vetiva au mabingobingo upande wa nje mara tu unapomaliza. Usipande miti juu ya ukuta. Mzizi ukioza unaacha bomba, na maji hulipata.

## Hatua ya 6: Mlango wa kuingilia na wa kutokea

Bwawa lenye vipimo sahihi likiwa na milango mibovu ni sawa na kutokuwa nalo.

Kuingilia. Maji yasidondoke kama bomba la mvua kwenye kona moja. Yaporomokayo huchimbua tope lililokwisha kutua. Laza ubao ulionyooka kwa upana wote wa bwawa, uupime usawa kwa mpira wa maji, ili maji yapite juu yake kama shuka jembamba. Chini yake panga mawe yapunguze kishindo.

Katikati. Panga mifuko ya salfeti iliyojazwa mchanga iwe ukuta wa ndani, ukiacha nafasi upande wa kulia. Mita 4 mbele panga mwingine, ukiacha nafasi upande wa kushoto. Maji yatatembea kwa kupinda, njia inarefuka bila kuchimba zaidi.

Kutokea. Kutoka bwawa la pili kwenda la tatu, tumia kipande cha bomba la inchi 4 chenye tii mwishoni upande wa ndani, limesimama wima: tundu la chini sentimita 30 chini ya uso wa maji, tundu la juu wazi hewani. Hivyo bomba linachukua maji ya katikati. Povu, majani na mafuta ya mota vinabaki juu, tope linabaki chini. Tundu la juu linaingiza hewa, bomba lisije likavuta bwawa zima. Kipande cha bomba kilichobaki kinaunganisha kisanduku na bwawa la pili kwa mtindo huo huo.

Usisahau njia ya dharura: sehemu ya ukuta wa bwawa la mwisho iliyoteremshwa sentimita 20, upana mita 1, ikiwa imetandikwa mawe, ikielekea kwenye majani na si mtoni moja kwa moja. Mvua ikizidi, maji yapite pale ulipopanga wewe.

Jaribio la chupa: chukua chupa ya plastiki, ijaze maji mpaka ielee shingo tu ikiwa juu, upepo usiipate. Itupe mlangoni pa kuingilia na uhesabu muda. Kwa vipimo vyetu maji yanapaswa kuchukua saa nyingi kuvuka. Juu juu yanakwenda haraka zaidi kuliko chini, lakini chupa ikichukua zaidi ya saa moja mambo ni mazuri. Ikifika ndani ya dakika 15, maji yamepata njia ya mkato. Tafuta mfuko uliosogea au ubao ulioinama.

## Hatua ya 7: Zungusha maji

Jaza mabwawa mara moja kutoka mtoni. Baada ya hapo, hamishia mpira wa kunyonya kwenye bwawa la tatu, mwishoni kabisa, uning'inizwe kwenye dumu linaloelea ili kichujio kisiguse tope. Kutoka hapo maji yanakwenda kwenye ubao, kisanduku, bwawa la pili, bwawa la tatu, na kurudi.

Kitakachopungua ni maji yanayokaukia juani, yanayozama ardhini na yanayoondoka na mchanga uliozolewa. Jua likinyonya milimita 5 kwa siku, kwa uso wa mita za mraba 150 ni lita 750 tu. Linganisha na zile 144,000.

Kila asubuhi shusha sahani nyeupe kwa kamba kwenye bwawa la tatu. Ikionekana hadi fundo la kwanza, osha. Ikipotea kabla ya hapo, maji ni mazito na dhahabu laini itakukimbia. Siku hiyo acha yatulie hadi kesho yake, fanya kazi ya kuzoa au kuchimba. Kwenye udongo wa mfinyanzi mwingi, jenga jozi mbili za mabwawa: moja ikifanya kazi, nyingine imepumzika.

Huwa naulizwa kuhusu mbegu za mlonge na shabu. Vyote viwili hukusanya mfinyanzi, na kwa ndoo ya nyumbani mlonge ni mzuri sana. Kwa bwawa la lita 72,000 utahitaji mbegu kwa kilo nyingi. Ukitaka kujaribu shabu, anza kwenye chupa, kidogo kidogo, uone kiasi gani kinasafisha. Usimwage kwa kukisia, kwani ikizidi inafanya maji kuwa makali, yaani yenye asidi.

## Hatua ya 8: Zebaki isifike kwenye mabwawa haya

Kama hutumii zebaki kunasia dhahabu, endelea. Kama unatumia, soma mara mbili.

Zebaki ikiingia kwenye tope, vijidudu vinaibadilisha kuwa aina inayoingia mwilini mwa samaki. Samaki mdogo analiwa na mkubwa, na kila ngazi sumu inaongezeka. Mito ya Lupa na Songwe inaishia Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto wa kutokea. Kinachoingia kinabaki humo, pamoja na samaki wanaouzwa sokoni.

- Usimwage zebaki kwenye karasha (mashine ya kusagia mawe) wala juu ya ubao. Osha kwanza mpaka upate mchanga mweusi kidogo, uuchanganye huo tu na zebaki.
- Kazi hiyo ifanyike kwenye karai, karai likiwa ndani ya kisima kidogo cha saruji kisichovuja, mbali na mabwawa.
- Maji na marudio ya karai yahifadhiwe humo humo. Yasichanganywe na marudio mengine.
- Donge la dhahabu na zebaki lichome kwa retoti (chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke wa zebaki), nje, mbali na makazi. Kamwe si jikoni. Mama mjamzito na watoto wasikaribie.
- Marudio yenye zebaki yasipelekwe kwenye sayanidi, kemikali ya kutolea dhahabu iliyobaki. Sayanidi inayeyusha zebaki na kuisafirisha mbali zaidi. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki ambao Tanzania imeuridhia, unataja jambo hili miongoni mwa yale ya kukomeshwa, pamoja na kuchoma hewani.

Vituo vya mfano vya STAMICO (Shirika la Madini la Taifa) vya Lwamgasa, Katente na Itumbi vilianzishwa ili wachimbaji wadogo waone uchenjuaji bora, yaani utenganishaji wa dhahabu na mawe, kwa macho yao. Itumbi iko Chunya hapo hapo. Nenda na kikundi chako.

## Hatua ya 9: Zoa tope kwa ratiba

Kisanduku cha mchanga: kila jioni. Mchanga huo pitisha tena kwenye karai kabla ya kuutupa, mara nyingi una kitu.

Mabwawa makubwa: pima kwa mti wenye alama kila Jumamosi. Tope likifika nusu ya kina, simamisha. Hamishia maji bwawa jingine, acha tope likauke mpaka lipasuke mistari, ndipo uzoe kwa chepe.

Tahadhari: tope bichi linameza mtu. Juu linaonekana limeshika, chini ni uji. Asiingie mtu peke yake, na asimame juu ya mbao pana, kamba ikiwa kiunoni na mwenzake ukingoni.

Tope lililokauka lipelekwe kwenye mashimo ya zamani, juu ya alama ya mafuriko. Kulirundika ukingoni mwa mto ni kuahirisha tu mpaka mvua ya kwanza.

## Hatua ya 10: Linganisha mto juu na chini

Mara moja kwa wiki, saa ile ile, jaza chupa mbili. Moja mita 50 juu ya eneo lako, nyingine mita 100 chini. Anza na ya chini, ukiingia mtoni bila kutibua, chupa ikielekea mkondo unakotoka. Ziweke sambamba mbele ya ukurasa wa gazeti. Zikisomeka sawa, mabwawa yako yanafanya kazi. Ya chini ikifunika maandishi, kuna mahali panavuja: angalia nje ya ukuta kama kuna unyevu au majani mabichi kupita kiasi.

Piga picha za chupa hizo, andika tarehe. Kijiji cha chini wakilalamika, au mkaguzi akija, una cha kuonyesha. Tena ukikuta ya juu ndiyo chafu, una pa kuanzia mazungumzo na jirani yako.

## Hatua ya 11: Kabla ya mvua, na siku ya kuhama

Chunya mvua huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Kwa hiyo Oktoba ni mwezi wa kazi hii: zoa tope lote, rudishia ukuta pale ulipotitia, safisha njia ya dharura, na chimba mtaro juu ya eneo lako wa kugeuza maji ya mvua yapite pembeni. Mtaro huo watu huusahau. Bwawa lililokokotolewa kwa lita 5 kwa sekunde haliwezi kupokea maji ya mlima mzima.

Ukihama, usiache shimo. Maji yaliyotuama yanazalisha mbu wa malaria, na mashimo yamekwisha kuwaua watoto na mifugo. Jaza kifusi chini, tope lililokauka juu yake, kisha ule udongo mweusi uliouweka pembeni siku ya kwanza. Acha katikati pawe juu kidogo ya ardhi ya jirani, kwa sababu patatitia. Panda nyasi mvua za kwanza zikidondoka, na miti ya asili ya hapo kando ya mto.

Rudi baada ya msimu mmoja utazame. Pakiwa pametitia, ongeza udongo. Kama nyasi zimeshika na maji ya mvua yanapita bila kuchimba mfereji, unaweza kumkaribisha Afisa Madini aje akague eneo.